Kilio Changu cha Televisheni

Kuna aibu ambazo mtu huzicheka baada ya miaka kadhaa, na hii yangu nimejaribu mara nyingi kuicheka lakini imekataa. Naisimulia kwa sababu ninyi rafiki zangu mmekuwa mkiniuliza kwa nini mimi, binti wa Mzee Ombati, niliyekuwa nikionekana kwenye televisheni miaka ile ya sabini, kwenye msiba huwa siji mbele. Basi kaeni niwaambie. Siku niliyoaibika vibaya kuliko zote maishani ilikuwa siku ya kumzika baba yangu, na niliaibika mbele ya jeneza lake, mbele ya kanisa zima, na mbele ya watu wa Magwagwa na Nyamira ambao wengine hata hawakumjua marehemu.

Nianze Nairobi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mawakili, na jioni nilikuwa natembelea kikundi cha maigizo kwenye ukumbi wa mtaa tuliokuwa tukiishi, si kwa sababu nilikuwa na kipaji, ni kwa sababu chumba nilichopanga na binamu yangu kilikuwa kidogo na yeye alikuwa na mchumba. Wakati huo kulikuwa na mchezo wa upelelezi kwenye televisheni, wa Kiswahili, kila Jumatano, na mpelelezi wake alikuwa Inspekta Chando, mrefu, koti refu, sauti ya kutoka kifuani. Kila wiki mtu mmoja anauawa, Inspekta anakuja, anauliza maswali, anaondoka, anarudi mlangoni na swali moja la mwisho, na mhalifu anakamatwa. Huyo Inspekta na koplo wake ndio walikuwa waigizaji wa kudumu. Sisi wengine tuliitwa wageni. Mgeni anaitwa kwa sababu ya sura au kwa sababu ya sauti, anakuja, anakuwa mwizi au tajiri au shahidi au maiti, anarudi kwake, na mkimpenda anaitwa tena baada ya miezi na masharubu mengine.

Katika wageni hao aliyekuwa akiitwa zaidi ya wote ni Bwana Kilonzo. Huyo alikuwa muuaji. Alikuwa na macho yaliyoingia ndani na kovu shavuni (alilipata utotoni kwa kuanguka juu ya jiko, basi), na mwongozaji wetu alikuwa akisema ukimweka Kilonzo kwenye mwanga wa upande hata mtoto mchanga ataita polisi. Nyumbani kwake alikuwa mtu mpole kabisa, mwimbaji wa kwaya, anafuga njiwa. Lakini barabarani wanawake walikuwa wakivuka upande wa pili wakimwona, na aliwahi kuniambia kwamba duka la karibu na kwake hawamwachi asimame peke yake hata anaponunua kiberiti. Alikuwa akisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mvua.

Siku moja mwanamke aliyetakiwa kuigiza mjane wa wiki hiyo akaugua, wakaja kwenye kikundi chetu wanatafuta mtu wa haraka. Mwongozaji akaniangalia, akaniuliza, "Unaweza kulia?" Nikasema naweza. Nikapelekwa studio, nikavikwa kanga na kitambaa cheusi, nikaonyeshwa mume wangu amelala sakafuni (Kilonzo alikuwa amemtilia sumu kwenye chai), na maneno yangu yalikuwa yameandikwa vizuri kwa Kiswahili: niseme, Mume wangu, umeniacha na nani. Nikasema. Mwongozaji akasimamisha. "Dada, unalia kama unasoma gazeti. Nyumbani kwenu watu huliaje?"

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniletea yote. Nilidhani nafanya kazi yangu vizuri. Nikaweka mikono kichwani, nikakimbia kutoka ukuta mmoja wa ile nyumba ya mbao waliyoijenga studio hadi mwingine kama mama zetu wanavyokimbia uani, nikalia kwa Kigusii, "Omogaka one! Omogaka one!" Yaani mzee wangu. Ni neno ambalo mke hulilia mume na binti hulilia baba, ni lile lile. Nilipomaliza, mume wangu marehemu alikuwa amefumbua jicho moja kuniangalia, na mwongozaji akasema, "Basi. Hatugusi tena hapo."

Sasa mnajua nyumbani kwetu mambo yalivyokuwa. Televisheni zilikuwa chache, lakini Nyamira kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa na ya kwake, akiiwasha kwa jenereta, na kaka yangu Nyambane, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawapeleka baba na mama na majirani wakaone. Watu waliojaa pale hawakuwahi kusikia Kigusii kikitoka ndani ya kile kisanduku. Nyambane aliniandikia kwamba nilipolia "Omogaka one" kina mama wote dukani walilia nami, mmoja akatoka nje kabisa, na baba yangu, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa majani chai na Biblia, alirudi nyumbani bila kusema neno mpaka walipofika mlangoni, akamwuliza mama, "Alimlilia nani vile, na yule mtu si mume wake?"

Nilipoenda likizo nikakuta kilio changu kimefika kabla yangu. Wasichana wanaochota maji walikuwa wanakiiga, mikono kichwani, ndoo chini, "Omogaka one!", halafu wanacheka mpaka wanakaa. Sokoni Magwagwa nikaitwa Mjane. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilinunua hata miwani ya jua.

Mwongozaji naye alikuwa amepata barua za watazamaji, akaniita tena, na safari hii mwandishi alikuwa ametunga kisa cha kuwashangaza watu. Nilikuwa mjane tena, nililia tena (mwongozaji akasisitiza, "Lia vile vile, maneno yale yale"), watu wakanihurumia tena, lakini mwishoni Inspekta Chando akageuka mlangoni, akaniuliza swali lake la mwisho, na ikatokea kwamba mimi na Kilonzo tulikuwa wapenzi na chai iliyomwua mume niliikoroga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Machozi yote yalikuwa ya uongo. Nikafungwa pingu, Kilonzo akafungwa pingu, tukaangaliana kwa mapenzi, muziki ukapiga. Tulipomaliza kurekodi tulienda sote kunywa soda na Kilonzo akanionyesha picha za njiwa zake.

Kisa hicho kilionyeshwa Jumatano moja. Jumanne iliyofuata simu ililia ofisini, ilikuwa Nyambane akipiga kutoka posta ya Nyamira, na aliponisalimia tu nikajua. Baba alikuwa amekunywa chai yake asubuhi kama kawaida, akabeba kikapu cha majani kwenda kituo cha kupimia, na pale kwenye foleni akakaa chini kidogo kama mtu anayepumzika, akaanguka upande. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Sikulia kwenye simu. Nilisema, "Nimesikia, nakuja," nikamalizia ukurasa niliokuwa napiga, sijui kwa nini. Kilonzo aliposikia alinijia na kile kigari chake cha zamani cha mgongo wa kobe, akasema, "Dada Kemunto, hutasafiri peke yako na huzuni hiyo. Nitakupeleka, nitasimama nyuma, nitatoa heshima zangu, nitarudi." Nikakubali. Niliona ni wema tu, na ulikuwa wema. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba nilikuwa narudi kwetu nimekaa kwenye gari moja na mtu ambaye kijiji kizima kilimwona juzi juzi amefungwa pingu pamoja nami kwa kumwua mzee wangu kwa chai.

Tulifika siku ya mazishi, mchana, ukungu umeshatoka na jua limewaka juu ya mashamba ya chai. Kutoka mbali niliona watu ni wengi mno. Baba alikuwa anaheshimika, lakini si hivyo. Walikuwa wamesimama mpaka barabarani, wengine juu ya ukingo, wasichana wamepanda kwenye ua wa miti, na nilipomshushia kioo mama mmoja nisiyemjua nikamwuliza kama njia inapitika, aliniangalia akageuka nyuma akapaza sauti, "Amefika!"

Mnajua desturi. Binti akifika kwao kwenye msiba haingii kimya. Analia kuanzia langoni, watu wanampisha, wengine wanamshika, ndivyo anavyomwambia marehemu kwamba amefika. Na mimi sikupanga kitu. Niliposhuka nikaona jeneza uani limefunikwa shuka nyeupe ya mama, ile anayoitandika wageni wakija, mikono ikaenda kichwani yenyewe, nikakimbia nikalia, "Omogaka one! Omogaka one!"

Na kutoka kwenye ua wa miti mtu akacheka kwa furaha, akasema, "Ndiyo hiyo!"

Halafu makofi. Sisemi walikuwa wote. Walikuwa wachache wa pembeni, vijana na wasichana, labda hata hawakukusudia, mikono yao ilifanya tu kile inachofanya mtu akiona kitu anachokijua. Lakini makofi kwenye uwanja wa msiba hayahitaji kuwa mengi. Kwaya ikanyamaza. Mimi nikasimama katikati ya uwanja na mikono yangu bado iko kichwani, mdomo wazi, na kile kilio kilichokuwa kinakuja kikarudi chini kama maji kwenye shimo. Nilijaribu kukitoa. Kikatoka sauti tu, kavu, na mimi mwenyewe niliposikia ile sauti nikaisikia kama ya studio.

Nikateremsha mikono. Na wakati huo huo Kilonzo, aliyekuwa ameona nimekwama, akashuka garini na leso mkononi akija kunishika bega.

Hakuna aliyecheka hapo. Shangazi yangu mmoja, mzee kabisa, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, akainuka na fimbo yake akaelekeza, akasema kwa Kigusii kile kitu ambacho wengine walikuwa wanakifikiria na wanaona haya kukisema: "Huyu ndiye aliyemtilia chai."

Nataka mnielewe. Wako waliojua kwamba mchezo ni mchezo, Nyambane alijua, mchungaji alijua. Lakini baba alikuwa hajaugua hata siku moja. Alikunywa chai, akabeba kikapu, akafa. Tangu siku ile watu walikuwa wanatafuta mlango wa kupitishia mshangao wao, na sasa mlango ukaja wenyewe na gari lake, una kovu shavuni, na umemleta binti aliyelia machozi ya uongo. Mtu akiunganisha mambo huku ana uchungu, yanaungana.

Baba yangu mdogo, Onchiri, akaja mbele. Yeye alikuwa anampenda sana kaka yake. Alisimama karibu na Kilonzo mpaka pua zao zikakaribiana, akamwuliza kwa Kiswahili cha taratibu, kile cha kuongea na mgeni, "Wewe mtu, umekuja kutafuta nini kwa boma ya marehemu?"

"Nimemsindikiza dada, mzee. Poleni sana."

"Dada yako?"

"Hapana, mzee. Tunafanya kazi pamoja."

Mngurumo ukapita kwenye watu. Kijana mmoja akaingiza mkono garini akachomoa ufunguo. Onchiri akauliza, "Hiyo siku ndugu yangu alianguka, wewe ulikuwa wapi?"

Kilonzo (Mungu ambariki, hakuwahi kujua kusema uongo nje ya studio) akafikiri vizuri, akajibu kwa heshima zote, "Nilikuwa Nairobi, mzee. Siku hiyo nilikuwa nauawa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nauawa. Kwa kawaida mimi ndiye huua, lakini wiki hiyo walitaka niuawe mimi."

"Mmesikia?" Onchiri akawageukia watu, na sauti yake ilitetemeka, haikuwa sauti ya mtu anayetania. "Anasema kwa kawaida yeye huua! Amesema kwa mdomo yake!"

Ndipo naibu wa chifu, akiogopa vijana, akasema mgeni awekwe mahali salama kwanza, na mahali salama palipopatikana ni jiko la mama. Wakampeleka, wanaume wawili wakakaa mlangoni, na Kilonzo akaingia akiinama ili asigonge kichwa, koti lake jeusi limeshika masizi. Nilimfuata nikipiga kelele, "Ni mchezo! Ni maigizo! Yule mume hakufa!" na mwanamke mmoja akaniambia bila ukali wowote, "Kemunto, hata pale ulisema hujui kitu. Tulikuona." Nilisema kweli kwa sauti ile ile niliyotumia kusema uongo, na sikuwa na sauti nyingine.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, kimoja kilikuwa kimezama kwenye udongo na kubaki huko nilipokuwa nakimbia, na mguu wangu mmoja ulikuwa na soksi tu. Nakumbuka niliwaza kwamba baba yuko hatua chache kutoka hapa na mimi nawaza kiatu.

Mama yangu ndiye aliyemaliza jambo lile. Alikuwa ndani ya nyumba na kina mama wenzake, akaambiwa, akatoka. Hakuniangalia. Alienda moja kwa moja jikoni, wanaume wakampisha, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia yote.

"Keti," alimwambia Kilonzo, kwa sababu alikuwa amesimama amejikunja chini ya paa. "Wewe ndiye ulimpa mume wa mwanangu ile chai?"

"Ndiyo, mama. Lakini haikuwa chai. Ilikuwa maji yametiwa rangi."

"Na huyo mume alikufa?"

"Hapana, mama. Yuko. Anauza vipuri vya baiskeli."

"Umemwona kwa macho yako baada ya hapo?"

"Juzi, mama. Aliniuzia mnyororo."

Mama akatoka akasimama mbele ya watu wote, akasema, si kwa kupaza, "Onchiri, mpe mgeni ufunguo wake. Yule wa televisheni anauza baiskeli. Wangu amekufa kweli, na jua linakwenda."

Onchiri akamtazama shemeji yake, akatazama jeneza, na uso wake ukavunjika. Alichukua ufunguo kutoka kwa yule kijana, akaupeleka mwenyewe, na nikamwona anasimama mbele ya Kilonzo, na Kilonzo anamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Mnaweza kudhani aibu iliishia hapo. Bado. Ibada ikaendelea, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri habari za asubuhi ya ufufuo, na wakati wote huo nilikuwa najisikiliza ndani, nikimtafuta baba, nikingoja machozi, na kila nilipoinua uso nilikuta macho ya wasichana wale kwenye ua, hayakuwa macho mabaya, yalikuwa yananingoja kama wanavyoingoja picha ianze. Machozi hayatoki yakiangaliwa hivyo. Kina mama wa kwetu walianza kunong'ona. Nilisikia mmoja wao akisema: "Mume wa watu alimlilia mpaka akapasuka. Baba yake mwenyewe, macho makavu." Na ilikuwa kweli, ndiyo iliyouma. Nikilia, naigiza. Nisipolia, sikumpenda. Hapakuwa na uso wa tatu wa kuvaa.

Mchungaji akasema binti aseme neno moja kwa niaba ya watoto. Nikaenda pale kando ya kaburi na mguu mmoja wa kiatu (sikutaka kuvua kile kingine, msiniulize), nikafungua mdomo. Watu wakanyamaza, wale wa nyuma wakajinyoosha waone. Nilikuwa na mambo ya kusema. Nilitaka kusema kwamba alinifundisha kusoma kwa kunishikisha kidole kwenye kitabu cha nyimbo, kwamba alinisindikiza mpaka Kisii siku nilipokwenda Nairobi mara ya kwanza na hakunipungia mkono kwa sababu alikuwa amebeba sanduku langu mpaka dakika ya mwisho. Nikasimama. Nikasimama. Halafu nikaokota udongo, nikautupa, nikarudi mahali pangu sijasema neno. Na msichana mmoja pale juu ya ua, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa alichokijia, akamwambia mwenzake, "Leo hakulia."

Kilonzo alivua koti, akachukua sepetu, akafukia kaburi pamoja na wanaume wengine mpaka mwisho, bega kwa bega na Onchiri, hakuna aliyemzuia. Jioni alipewa chakula, akala, akaaga wazee mmoja mmoja. Mimi nilibaki siku chache. Sikutoka nje ya boma.

Nilirudi nyumbani tena baada ya msimu wa mvua kumsaidia mama na majani chai. Tulikuwa tunachuma asubuhi, yeye mstari wake na mimi wangu, tumezama mpaka kiunoni katika majani yenye umande, na kwa kuwa alikuwa amenipa mgongo nikapata nguvu ya kumwuliza kitu kilichokuwa kinanitafuna. Nilimwuliza kama baba alikiona kile kisa cha pili, kile nilichokuwa mwongo, na kama alikufa akiwa amenikasirikia.

Mama hakuacha kuchuma. "Alikuwa anaenda Nyamira kila Jumatano," akasema. "Kila Jumatano, hata kama haupo. Akikuta ni watu wengine tu anarudi amenuna, hataki hata uji. Hiyo siku ulifungwa pingu alirudi amechangamka. Nikamwambia, mwanao amekuwa muuaji. Akasema, hapana, aliwadanganya wote mle dukani, hata mimi nilijua ni binti yangu na bado alinidanganya. Akacheka mpaka akakohoa."

Tulijaza vikapu, tukaenda kituoni, tukapanga foleni na wenzetu kama baba alivyopanga. Karani alikuwa mgeni, amehamishiwa pale hivi karibuni, na shamba letu lilikuwa bado linaitwa kwa jina la mzee. Zamu yetu ilipofika akaita, "Ombati!" bila kuinua macho. Nikasogea na kikapu. Akaita tena, kwa ukali kidogo, "Ombati yuko wapi?"

Nikasema, "Hayupo." Na nilipolisema hilo neno moja, la kawaida, kwa Kiswahili, kwa karani ambaye hakunijua, yakaja. Hayakuja na mikono kichwani wala na mbio. Niliinama tu juu ya kikapu nikalia ndani ya majani, kamasi zikanitoka, sauti mbaya kama ya mtu anayekwama na chakula, na sikutaja jina la mtu. Hakuna aliyenitazama. Mwanamke wa nyuma yangu alichukua kikapu kutoka mikononi mwangu, akakitundika kwenye mizani, karani akasoma uzito, akaita mwingine, foleni ikasogea ikanizunguka, na mama akanishika kiwiko akanisimamisha pembeni mpaka nilipomaliza.

Niliporudi Nairobi nilimwambia mwongozaji kwamba mjane atafute mwingine. Alinibembeleza sana. Mwishowe akanipa nafasi ya karani wa kituo cha polisi, yule anayefungua mlango na kusema, "Inspekta, simu yako," na nikaisema hiyo simu karibu mwaka mzima mpaka mchezo ulipokwisha, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi kwa ajili yake, nashukuru. Kilonzo aliendelea kuua.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Niliapa, na naapa tena mbele yenu, kwamba kilio cha nyumbani sitakitoa tena mbele ya watu, kiwe cha mchezo au cha kweli. Msiba wenu ukifika nitakuja mapema kuliko wote. Nitamenya ndizi, nitachota maji, nitaosha sufuria mpaka usiku uingie. Lakini msinitafute kule mbele kwenye jeneza, na mkiona nimenyamaza, tafadhali, msiseme sina uchungu.